Kuunga Mifupa ya Goti kwa Mpasuko Mdogo

Goti ni kiungo ambamo mifupa mitatu hukutana: mfupa wa paja kwa juu, mfupa wa muundi kwa chini, na kilegesambwa kwa mbele. Ncha za mifupa hii zimevikwa gegedu laini ili ziteleze pasipo kukwaruzana. Mtu aangukapo kutoka mtini, au agongwapo na gari, ncha hizo huweza kuvunjika vipande vingi, na mara nyingine ufa huingia hadi ndani ya kiungo chenyewe. Katika makala haya tutaeleza jinsi wapasuaji walivyojifunza kuunga mivunjiko hiyo kwa kukata ngozi kidogo tu, na kwa nini udogo wa kovu sio hoja kubwa.

Mwaka 1958 wapasuaji wa Uswisi, miongoni mwao Maurice Müller, waliunda chama cha kuchunguza uungaji wa mifupa kwa vyuma, kijulikanacho kwa herufi AO. Mafundisho yao ya awali yalikuwa haya: fungua jeraha pana, rudisha kila kipande mahali pake, kisha vibane vyote kwa bamba na skrubu. Faida ilionekana. Goti liliweza kukunjwa mapema, badala ya kukaa ndani ya plasta kwa miezi mpaka likakakamaa.

Lakini mfupa si ubao wa seremala. Ni kitu hai, nacho hupata damu kwa njia mbili: kwa ndani, kupitia uboho, na kwa nje, kupitia utando mwembamba unaoufunika. Mvunjiko huwa umekwisha kuikata mishipa ya ndani. Mpasuaji aliyebandua misuli na utando ili aone kila kipande aliimalizia ile ya nje. Hapo vipande vilikosa damu, mfupa ukachelewa kuunga, vijidudu vikapata makao, na hatimaye bamba lenyewe likavunjika kwa kupindwapindwa, kama waya unavyokatika mikononi.

Mwaka 1997 Farouk, Krettek na wenzao wa mji wa Hannover, Ujerumani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa miili ya wafu. Walisukuma rangi ndani ya ateri baada ya kuweka mabamba kwenye mapaja, mengine kwa mpasuko mrefu na mengine kwa kuyapenyeza chini ya misuli. Katika njia ya pili mishipa midogo inayotoboa misuli kuelekea mfupani ilisalimika, na utando ulijaa rangi vizuri zaidi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mpasuaji hukata sehemu fupi kando ya goti, akalisukuma bamba refu juu ya mfupa, chini ya misuli, mpaka livuke mahali palipovunjika. Skrubu hupitishwa katika matundu madogo ya ngozi. Vichwa vya skrubu za siku hizi vina hesi zinazojifunga ndani ya bamba, hivyo bamba halilazimiki kuukandamiza mfupa na kuubana utando wake. Kwa kweli limekuwa gango lililofichwa chini ya ngozi.

Je, vipande vilivyoachwa bila kubanwa vitaungaje? Mwanafunzi na achukue penseli. Tuseme kuna ufa mmoja wenye upana wa milimita 1, na kila mgonjwa akanyagapo kingo zake huachana kwa milimita 1 zaidi. Mvutano ni 1 ÷ 1, yaani asilimia 100. Sasa tuseme zipo nyufa 10 za upana ule ule, zinazogawana mwendo ule ule. Kila ufa hupata milimita 0.1, yaani asilimia 10 tu. Stephan Perren wa Uswisi alifundisha kwamba nyama changa ya kuponya huvumilia mvutano wa asilimia 100 hivi, gegedu 10, na mfupa uliokomaa 2. Mwili huanza na nyama hiyo changa, kisha gegedu, kisha mfupa, na kila hatua hupunguza mwendo kwa ajili ya ile inayofuata. Hivyo mvunjiko wa vipande vingi, unaomtisha mtazamaji wa picha ya eksirei, ndio unaofaa zaidi kuachwa ujiunge wenyewe chini ya daraja la chuma. Ufa mmoja mwembamba ulioshikwa kwa kulegea hupasuliwa kila siku.

Ndani ya kiungo sheria hugeuka. Uso wa gegedu hauwezi kuachwa na ngazi, kwa maana uzito wote utaangukia ukingo mmoja na kuusaga. Pale juu ya muundi palipobonyea, mpasuaji hutoboa mfupa kwa chini, akakisukuma kipande juu, akajaza shimo kwa mfupa uliochotwa kwingine na kukitegemeza kwa skrubu. Anaweza kuutazama uso huo kwa darubini nyembamba iliyoingizwa gotini. Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa chombo cha namna hiyo mwaka 1918. Vipande visipokaa sawa, lazima afungue. Vilevile muundi ukivimba hata shinikizo ndani ya misuli likazuia damu, mgonjwa huokolewa kwa mpasuko mrefu, na kusita kwa saa chache huweza kumpotezea mguu.

Njia hii ina gharama yake: mpasuaji haoni mfupa. Huhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, la sivyo mguu huweza kuungwa ukiwa umepinda au umegeuka nje. Hospitali nyingi hazina mashine hiyo. Kwa sababu hiyo daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, linalotoa vyuma virefu vya kuingizwa ndani ya uboho. Katika mivunjiko ya paja iliyo karibu na goti, chuma huweza kuingizwa kupitia gotini, na matundu ya skrubu hutafutwa kwa fremu ya kuelekezea, bila eksirei. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni miongoni mwa hospitali zilizovitumia. Pasipo picha, mara nyingi mpasuaji hufungua kidogo palipovunjika ili aguse ncha kwa kidole na kuzilinganisha, akichunga asibandue utando.