Aya 12 za Marko zimetoka wapi?

Ndugu Waislamu, jirani yangu Mkristo aliniuliza: "Mnasema Injili imebadilishwa, ushahidi uko wapi?" Sikujibu kwa jazba. Nilimwomba afungue Biblia yake, Marko 16. Aya ya 9 hadi 20 hazimo katika nakala mbili za Kigiriki zilizo kongwe kuliko zote zenye sura hiyo, Sinaiticus na Vaticanus, za karne ya 4. Humo kitabu kinaishia aya ya 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Wanazuoni wengi wa Kikristo wenyewe wanakiri kuwa aya hizo ziliongezwa baadaye.

Lakini tuwe waadilifu: hilo halithibitishi kuwa kitabu kizima ni uongo. Linathibitisha kuwa mikono ya watu iliingia. Jirani alisema atamuuliza mchungaji wake. Nasi tusome kwanza, ndipo tujadiliane kwa njia iliyo bora.