Soda ya "Zero" Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Inywe au Iache?

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI WA RAILA, KIBERA NA KAWANGWARE

Lengo la somo: Ukimaliza kusoma, uweze kueleza soda isiyo na sukari hufanya nini ndani ya tumbo lililopasuliwa, ujue kinywaji kinachofaa badala yake, na utambue dalili za hatari zinazotaka hospitali mara moja.

Kwa nini somo hili linatuhusu

Zamani unene ulichukuliwa kuwa ishara ya maisha mazuri. Leo ni jambo la kiafya linalogusa mitaa yote ya jiji, ya mabanda na ya magorofa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba takriban wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 walikuwa 33 kati ya 100.

Wengi wanaweza kupunguza uzito kwa chakula bora na mazoezi. Wachache, hasa wenye unene mkubwa unaoambatana na kisukari au shinikizo la damu, hushauriwa na daktari wapasuliwe. Baada ya kurudi nyumbani, swali huja haraka. Wageni wanakuja kumjulia hali mgonjwa, na kwa desturi yetu mgeni hakosi soda. Mgonjwa naye anaambiwa, "Wewe kunywa ya zero, haina sukari." Je, ni sawa?

Upasuaji hubadilisha nini

Kuna njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, karibu asilimia 75 hadi 80, ukabaki umbo la mrija mwembamba kama ndizi. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, cha kiasi cha mililita 30 hivi, kisha kukiunganisha moja kwa moja na utumbo ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Mililita 30 ni kama vijiko viwili vya mezani. Weka picha hiyo akilini unapofikiria chupa ya soda ya mililita 300.

Mambo manne yaliyomo ndani ya soda ya zero

1. Gesi. Mapovu ya soda ni gesi ya kaboni. Ikifika mahali penye joto kama tumboni, hutoka kwenye kinywaji na kutanuka. Tumbo kubwa huivumilia. Tumbo dogo lenye kidonda kibichi cha upasuaji hujaa, likauma, na mtu akapiga mbweu, akasikia kiungulia au kutapika. Wengine husema gesi hulitanua tumbo mpaka lirudi ukubwa wake wa zamani. Hilo halijathibitishwa vyema. Maumivu na kiungulia peke yake ni sababu tosha za kujiepusha.

2. Asidi. Soda, hata isiyo na sukari, ina asidi. Asidi hula meno taratibu na huongeza kiungulia, tatizo ambalo waliobakiwa na tumbo la umbo la mrija huwa nalo mara nyingi.

3. Kafeini. Soda nyingi za rangi nyeusi zina kafeini. Wapasuaji wengi huikataza katika wiki za mwanzo kwa sababu huweza kuliwasha tumbo. Ukijaza nafasi ndogo uliyonayo kwa soda, hutapata nafasi ya maji. Mwili ukikauka, mgonjwa hupata kizunguzungu, figo huumia na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka.

4. Viongeza utamu. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Utaona majina kama aspatemu, asesulfemu au sukralosi. Hivi hutoa utamu bila sukari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mwezi wa Mei lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu ili kudhibiti uzito, kwa sababu havikuonyesha faida ya muda mrefu. Ushauri huo haukuwalenga wale ambao tayari wana kisukari. Mwezi wa Julai aspatemu iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo, lakini kiwango kinachoruhusiwa kwa siku hakikubadilishwa. Kwa mtu mzima wa kilo 70, kukipita kiwango hicho kungehitaji zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku. Hakuna haja ya kutishana, basi. Hata hivyo, kutokuwa sumu hakukifanyi kinywaji kuwa dawa ya kupunguza mwili.

Je, soda ya kawaida?

Hiyo ni mbaya zaidi. Chupa ya mililita 300 ya kola ya kawaida ina takriban gramu 32 za sukari, sawa na vijiko 8 vya chai. Kwa aliyeunganishiwa kifuko na utumbo, sukari nyingi hushuka kwa kasi na kuleta moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kusokota na kuharisha. Pia ni njia rahisi ya kurudisha uzito, kwa kuwa kinywaji hupita bila kumshibisha mtu.

Jibu la somo

Katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji, usinywe soda ya aina yoyote. Baadaye, fuata ushauri wa hospitali iliyokupasua. Baadhi ya madaktari humruhusu mgonjwa kuonja kidogo, wengine humwambia aache kabisa. Ukiruhusiwa, iwe mara chache, kidogo, na isichukue nafasi ya maji.

Unywe nini?

- Maji safi, mafunda madogo madogo siku nzima. Lengo la kawaida ni lita moja na nusu au zaidi. Maji ya mtungi yachemshwe au yatiwe dawa kwanza. Wengi hununua soda wakiogopa maji ya bomba. Chupa ya maji yaliyochemshwa nyumbani hutatua hofu hiyo kwa gharama ndogo.
- Usinywe wakati wa kula. Subiri kama nusu saa baada ya chakula.
- Maziwa au mala isiyo na sukari, na supu iliyochujwa, kulingana na hatua uliyofikia.
- Ukianza vyakula laini, anza na protini: yai, ndengu au maharagwe yaliyopondwa, samaki asiye na miiba.
- Chai na kahawa visinywewe pamoja na vidonge vya madini ya chuma, kwani huzuia mwili kuyachukua. Vitamini ulizoandikiwa hunywewa maisha yote.
- Pombe hupanda haraka mno baada ya upasuaji. Dawa za maumivu kama brufen na diklofenaki huweza kuleta vidonda. Usinunue kwenye duka la dawa kabla ya kumwuliza daktari.

Onyo kwa wenye kisukari

Sukari ikishuka ghafla, ukatetemeka, ukatoka jasho na kuchanganyikiwa, soda ya zero haitakusaidia hata kidogo. Unahitaji sukari halisi, kama vijiko 3 au 4 vya chai ndani ya maji. Aliyepasuliwa aulize mapema kliniki yake atumie nini, kwa kuwa dozi ya dawa za kisukari mara nyingi hupunguzwa baada ya upasuaji. Usiipunguze mwenyewe.

Dalili zisizongoja asubuhi

Kutapika mfululizo au kushindwa kushikilia maji, mkojo mweusi au mchache, homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Rudi hospitali uliyopasuliwa. Ikiwa ni mbali, nenda idara ya dharura ya Mbagathi au Kenyatta, na useme mara moja kwamba umepasuliwa tumbo.

Kwa majirani na jamaa

Unapomtembelea mgonjwa, mletee mayai au maziwa badala ya kreti ya soda. Akikataa kinywaji, usimlazimishe wala usione amekudharau. Kwa wengine wote, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba walianza kupewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, ikiwemo mashine ya shinikizo la damu na ya kupima sukari. Wakibisha hodi, kubali kupimwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini gesi huumiza tumbo dogo kuliko tumbo kubwa?
2. Chupa ya mililita 300 ya kola ya kawaida ina vijiko vingapi vya sukari?
3. Mwenye kisukari akishukiwa na sukari, kwa nini usimpe zero?
4. Taja dalili tatu za kukimbilia hospitali.

Wasomee walio nyumbani maswali haya. Anayempikia mgonjwa anahitaji majibu sawa na mgonjwa mwenyewe.