TUNZA MIGUU YAKO SAFARINI



Sisi watu wa vijijini ni wasafiri wa kila siku. Tunakwenda shambani, kisimani, shuleni, mashineni, mnadani na zahanati. Wengi wetu tunakwenda kwa miguu. Wengine wanapanda baiskeli. Siku ya kwenda mjini tunapanda basi.

Lakini hata mwenye baiskeli huiendesha kwa miguu yake. Hata abiria wa basi hutoka nyumbani kwa miguu, na akishuka huenda kwa miguu. Kwa hiyo mguu ndio chombo cha kwanza cha safari. Baiskeli ikiharibika, fundi huweka kipuri kipya. Mguu hauna kipuri dukani.

Katika zahanati tunapokea wagonjwa wengi wenye majeraha ya miguu. Mengi yalianza kama jambo dogo: mwiba, msumari, lengelenge au mkwaruzo. Mgonjwa alisema moyoni, "Litapona tu." Baada ya siku chache hawezi kulima, hawezi kuteka maji, hawezi hata kuja zahanati mpaka abebwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tujifunze namna ya kuziba ufa.

SAFARI YA KWA MIGUU

Viatu si pambo la siku ya sikukuu. Viatu ni kinga. Si lazima viwe vya bei kubwa. Makatambuga ya tairi ni kinga nzuri, kwa sababu soli yake ni nene. Kandambili zilizolika hazifai kwa njia ya porini. Msumari hupenya kandambili kama kisu kinavyopenya papai.

Kwa nini tuvae viatu? Sababu ya kwanza ni safura. Mtu akienda haja porini, mayai ya minyoo ya safura hutoka na kinyesi chake. Mayai hayo huanguliwa katika udongo wenye unyevu. Hutoka vijinyoo vidogo sana, macho hayavioni. Ukikanyaga hapo bila viatu, vijinyoo hupenya ngozi ya unyayo. Huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda mpaka kooni, nawe huvimeza bila kujua. Mwisho hukaa katika utumbo, hukua, na hunyonya damu yako. Mtu mwenye safura nyingi huchoka upesi. Akipanda kilima kidogo anahema. Majirani husema ni mvivu, kumbe hana damu ya kutosha.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kusikiliza mafunzo ya redio, kisha wakachimba vyoo. Kazi ile ina maana mpaka leo. Choo huzuia mayai yasifike njiani. Kiatu huzuia vijinyoo visiingie mwilini. Vyote viwili vinahitajika.

Sababu ya pili ni pepopunda. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Huingia mwilini kwa njia ya jeraha. Tundu la msumari ni baya zaidi, kwa sababu ni dogo juu lakini linakwenda ndani. Ugonjwa huanza mara nyingi baada ya siku 3 mpaka 21. Taya hukaza, mgonjwa hawezi kufungua kinywa. Shingo na mgongo hukakamaa. Mwili hushtukashtuka na kukaza kwa maumivu makali. Wengi hufa, hata hospitalini.

Lakini pepopunda ina chanjo. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina mama huchanjwa wakati wa ujauzito. Wanaume wengi hawakumbuki lini walichanjwa mara ya mwisho. Kwa hiyo baba, ukichomwa na msumari, usikae nyumbani. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni. Lifunike kwa kitambaa safi. Njoo zahanati siku hiyo hiyo. Usipake majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe. Ukifanya hivyo unavitia mwenyewe vile vijidudu ndani ya jeraha.

Sababu ya tatu ni nyoka. Nyoka wengi huuma mguu. Usiku tembea na tochi, vaa viatu vinavyofunika mguu, na kanyaga pale unapoona. Mtu akiumwa na nyoka, mwambie atulie. Mvue viatu, na kikuku kama anacho, kabla mguu haujavimba. Asitembee. Mbebeni, au mpakieni kwenye chombo, mkimbilie kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka. Msimchanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba ya kukaza. Jiwe la nyoka halitoi sumu. Hupoteza muda tu, na muda ndio uhai wake.

Jambo jingine ni upande wa kupita. Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto. Wewe unayetembea, pita upande wa kulia wa barabara. Hivyo gari la upande wako linakuja mbele ya macho yako, nawe unaweza kuliepuka. Ukipita kushoto, gari linakujia mgongoni. Usiku vaa nguo nyeupe ili dereva akuone.

SAFARI YA BAISKELI

Baiskeli ni rafiki wa mkulima. Hubeba gunia, dumu la maji, mgonjwa na mtoto. Lakini hapa kuna hatari ambayo wazazi wengi hawaijui: mguu wa mtoto kuingia katika spoku za gurudumu.

Mtoto hukaa kwenye keria nyuma ya baba. Miguu yake inaning'inia. Akisinzia au akichoka, mguu huingia katika gurudumu linalozunguka. Spoku huuvuta, na kisigino hubanwa kati ya spoku na fremu.

Baba mmoja alikuwa anampeleka mtoto wake wa miaka 4 kwa bibi yake. Mguu wa mtoto ukaingia katika spoku. Baba aliutoa, akauona umechubuka kisigino, akaufuta kwa kitambaa, akaendelea na safari. Siku ya tano akaja zahanati. Ngozi ya kisigino ilikuwa imekuwa nyeusi, na harufu ilikuwa mbaya. Akaniambia, "Daktari, mbona ulikuwa mkwaruzo tu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, juu ulikuwa mkwaruzo. Ndani nyama ilikuwa imepondwa." Tulimpeleka mtoto hospitali ya wilaya. Alipona, lakini alikaa huko wiki nyingi, na mama yake alikaa naye. Msimu ule shamba lao lilipandwa nusu.

Basi, jeraha la spoku lisidharauliwe. Siku ya kwanza huonekana dogo. Ubaya wake hujitokeza baada ya siku kadhaa. Pengine hata mfupa umevunjika.

Likitokea, fanya hivi:

1. Simamisha baiskeli mara moja. Usiuvute mguu kwa nguvu. Legeza au kata spoku kwanza. Spoku ni bei ndogo kuliko mguu.
2. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni.
3. Lifunike kwa kitambaa safi. Mguu ukae juu, mtoto asiukanyage.
4. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama halii tena.

Bora zaidi ni kuzuia. Mwambie fundi akuwekee vikanyagio viwili vya chuma nyuma, mtoto aweke miguu yake hapo. Kisha chukua dumu kuukuu la plastiki, ulipasue, upate vipande viwili vipana. Vifunge kwa waya kwenye vyuma vya keria na kwenye fremu, kipande kimoja kila upande wa gurudumu la nyuma. Hakikisha havigusi spoku wala mnyororo. Mguu wa mtoto hautapita. Mtoto mdogo asiyeweza kukaa bila kusinzia asipandishwe kwenye keria. Shuka, mbebe, ukokote baiskeli.

Mama unayepakiwa, kusanya pindo za khanga yako na uzikalie. Khanga ikinaswa na gurudumu hukuangusha chini ghafla, wewe na mtoto uliyembeba mgongoni.

Na wewe mwendeshaji, tazama pedeli zako. Pedeli iliyobaki chuma kitupu hukata unyayo. Kunja mguu wa suruali au uufunge kwa mpira, usinaswe na mnyororo. Kagua breki kabla ya kuondoka. Mtu anayesimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi kwa unyayo, ipo siku atauacha unyayo hapo.

SAFARI YA BASI

Wengi siku hizi hufika stendi kwa pikipiki. Bomba la moshi la pikipiki, yaani ekzosi, huwa la moto sana. Katika pikipiki nyingi lipo upande wa kulia. Kwa hiyo panda na ushuke upande wa kushoto. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala matope. Usitoboe lengelenge. Lile lengelenge ni kifuniko cha jeraha.

Usidandie basi linalotembea. Usishuke kabla halijasimama kabisa, hata kama utingo anakuharakisha. Basi litaondoka na utingo wake, wewe utabaki na mguu uliovunjika.

Ndani ya basi, usikubali miguu yako ibanwe na magunia kwa safari nzima. Ukikaa saa nyingi bila kusogeza miguu, damu hurudi polepole kuelekea moyoni. Miguu huvimba. Pengine damu huganda ndani ya mshipa. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, na mtu aliyetoka kupasuliwa. Kila baada ya muda, inua visigino na uvishushe mara 20. Chezesha vidole. Basi likisimama, shuka utembee kidogo. Kunywa maji safi. Wengine hawanywi maji kwa kuogopa haja ndogo, lakini ni afadhali kumwomba dereva asimame.

Kama baada ya safari mguu mmoja umevimba na unauma, nenda hospitali upesi. Kama pia kifua kinauma au unahema kwa shida, usingoje asubuhi.

Ukishuka, usikimbie kupita mbele ya basi. Dereva wa gari jingine hakuoni, nawe humwoni. Ngoja basi liondoke. Kisha tazama kulia, kushoto, na kulia tena, ndipo uvuke. Mshike mtoto mkono.

WENYE KISUKARI WAWE WAANGALIFU ZAIDI

Ugonjwa wa kisukari unaweza kuua hisia za miguu. Mtu hukanyaga mwiba asisikie. Hutembea nao siku nzima. Jeraha huoza bila maumivu, na mwisho mguu hukatwa. Mwenye kisukari asitembee bila viatu, hata ndani ya nyumba. Akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, pengine kuna kijiwe. Asiote moto kwa miguu. Akiona jeraha, hata dogo kama punje ya mtama, aje zahanati.

KAZI YA JIONI

Fanyeni kazi hii nyumbani kila jioni. Oga miguu kwa maji na sabuni. Kausha katikati ya vidole, kwa maana unyevu huleta fangasi. Kaa mwangani, tazama nyayo zote mbili. Usiyeweza kujitazama, mwombe mwenzako. Kama una magaga, paka mafuta, kwa sababu nyufa za kisigino ni mlango wa vijidudu. Kama kuna funza, atolewe kwa sindano iliyochemshwa, na sindano moja isitumiwe na watu wawili. Tazama pia miguu ya watoto na ya wazee. Kazi hii haichukui muda mrefu kuliko kumenya ndizi za chakula cha jioni.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kipuri: kifaa cha kubadilisha kilichoharibika.
Makatambuga: viatu vya wazi vilivyotengenezwa kwa tairi.
Keria: kiti cha chuma cha nyuma ya baiskeli.
Magaga: nyufa za ngozi kavu ya kisigino.

MASWALI

1. Vijinyoo vya safura huingia mwilini kwa njia gani? Eleza safari yao mpaka tumboni.
2. Kwa nini jeraha la msumari lisipakwe majivu wala mavi ya ng'ombe?
3. Ukitembea barabarani, utapita upande gani? Kwa nini?
4. Jirani yako anasema mguu wa mtoto wake uliingia katika spoku jana, lakini leo mtoto halii. Utamshauri nini?
5. Hesabuni baiskeli zinazobeba watoto katika kijiji chenu. Ngapi zina kinga ya gurudumu? Pangeni siku moja, fundi na wanakisomo wote, mzifunge kinga zilizobaki.