Kundi la Wazazi Saa Tisa Usiku

Barua tunazopokea kuhusu usonji zimebadilika. Zamani wazazi waliuliza dalili. Siku hizi wanauliza kama waamini walichokisoma usiku kwenye kundi la WhatsApp. Tumezipeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi anayefanya kazi na watoto wenye usonji jijini Dar es Salaam, ambaye kwa mwaliko wa wazazi yumo katika makundi yao kadhaa. Ameomba jina lake lisichapwe, kwa kuwa wapo wazazi watakaotambulika kupitia yeye.

Shikamoo mama. Mwanangu anahudhuria kliniki. Dada yangu ananisukuma nijiunge na kundi la wazazi, lakini naona ni watu wa kulialia tu. Nitapata nini huko nisichokipata hospitalini? (Mama, Tabata)

Marahaba mwanangu. Utapata kinyozi. Sitanii. Mimi namwona mtoto wako chini ya saa moja, labda mara mbili kwa mwezi, na nauli ikikosekana hata hizo mbili hazifiki. Siku zote zilizobaki ni zako: lebo ya shati inayomkera shingoni, wali ambao haupaswi kuguswa na mchuzi, mashine ya kunyolea inayomfanya apige mayowe hadi majirani watoke nje. Vitabu vyangu vinaeleza kwa nini sauti ile inamuumiza. Mwongozo wa utambuzi wa Marekani, unaotumiwa na madaktari wengi duniani, tangu 2013 unahesabu hisi zilizo kali mno au hafifu mno kuwa miongoni mwa dalili za usonji. Ila vitabu hivyo haviniambii kichwa kitanyolewaje kabla ya Jumatatu.

Swali hilo liliulizwa kwenye kundi moja nililomo. Mama mmoja akajibu kwamba humnyoa mwanawe akiwa usingizini, nusu ya kichwa leo na nusu kesho, na walimu wameshazoea kumwona na mitindo miwili. Baba mmoja alikuwa akimpeleka mwanawe saluni wiki baada ya wiki bila kunyolewa: akae tu, mashine imezimwa, baadaye iwashwe mbali, baadaye karibu. Hiyo ndiyo njia ambayo ningeishauri mimi, na yule baba aliifikia bila mimi.

Kumkutanisha mzazi mgeni na mzazi mkongwe hakukuanza na simu. Mwaka 1971, katika mji wa Omaha nchini Marekani, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walianzisha mpango wa namna hiyo, ukasambaa majimbo mengine. Watafiti walipoupima miaka ya 1990, zaidi ya wazazi 8 kati ya 10 walisema umewafaa. Wanaolia wapo kundini, ni kweli. Waache walie.

Ukweni wanasema ukoo wao haujawahi kuwa na mtoto wa hivi, kwa hiyo nimemleta mimi. Wengine wanasema nilimwacha na dada wa kazi mno. Kundini wananiambia nisijali, lakini najali. (Mama, Morogoro)

Una haki ya kujali, maana lawama hiyo iliwahi kuvaa hata koti la daktari. Leo Kanner, aliyeeleza usonji mwaka 1943 kupitia watoto 11 aliowaona Baltimore, aliandika kuhusu wazazi wasio na joto. Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago alikwenda mbali zaidi: kitabu chake cha 1967 kiliwatwika akina mama mzigo wote. Kwa hiyo wakwe zako wana wenzao wenye shahada.

Waliouvunja uzushi huo ni wazazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la wanamaji la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na si katika malezi. Mwaka uliofuata akaungana na wazazi wenzake kuunda chama. Uingereza walikuwa wameshatangulia mwaka 1962, na miongoni mwa waanzilishi alikuwemo Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa na binti mwenye usonji. Kenya nako, chama cha usonji kilichoanza mwaka 2003 kilianzishwa na wazazi. Unapoandika kundini saa tisa za usiku, uko kwenye ukoo huo.

Sasa sayansi. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi 5 ulikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika uwezekano wa kuwa na usonji inatokana na urithi wa jeni. Jeni hutoka pande zote mbili, na mabadiliko mengine huzuka upya kwa mtoto mwenyewe. Ukitaka kuwajibu ukweni, waulize taratibu kama hakuna babu aliyekuwa hapendi wageni, anayekula chakula kilekile kila siku na kujua namba za magari yote ya mtaa. Mara nyingi kimya hufuata.

Nilijiunga na kundi, siku ya kwanza nikakuta wanawacheka watoto wao. Nilishtuka, nikatoka. Je, huo si ukatili? (Baba, Arusha)

Inategemea nani anachekwa. Nikupe kisa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kijana wa miaka saba hakuwa na maneno mengi ya kwake, lakini aliweza kuita abiria kwa lafudhi kamili ya konda. Wakaenda msibani. Watu wameketi kwa safu, kimya kimetanda, shekhe anajiandaa kusoma dua. Mtoto akaita: “Mwenge–Posta, mbili za mwisho!” Usiku ule mama yake aliandika kundini kwamba watu wawili walisimama.

Kundi zima lilicheka hadi asubuhi. Kulikuwa na stika ambazo siwezi kuzieleza gazetini. Angalia lakini waliyemcheka: wale wawili waliosimama. Na mama aliyekuja na aibu ya kutamani ardhi immeze alilala akiwa na kisa cha kusimulia. Mimi nilichukua jambo lingine pale. Kurudia maneno yaliyosikika si upuuzi. Kwa watoto wengi wenye usonji ndiyo lugha waliyonayo, na hubeba maana. Mtoto aliona safu za watu waliokaa, akaliona daladala. Au alikuwa anaomba waondoke. Nilimshauri mama alichukulie hivyo, na sasa kijana akisema “mbili za mwisho” nyumbani kwao maana yake inajulikana: amechoka, twende.

Kuna vichekesho vingine sivipendi. Picha ya mtoto amejipaka kinyesi, na chini yake vikaragosi vya kucheka. Mzazi wa namna hiyo huwa amezidiwa zaidi kuliko alivyo mkatili, lakini anayechekwa pale ni mtoto, na hajui. Isitoshe, kisa kilekile kikivuka kundi hubadilika. Kwa mzazi mwenzako ni “hata wangu”; kwa jirani ni “nilijua yule mtoto si mzima”. Rudi kundini, baba, useme hivyohivyo ulivyoniandikia.

Kuna matone yanauzwa kundini. Anayeuza ana ushuhuda wa wazazi, na mmoja wao namfahamu, si mwongo. Ni ghali, lakini nikiacha kumpa mwanangu nitajilaumu. (Mama, Mwanza)

Usimpe. Nianze hapo, maana matone yanayouzwa namna hiyo huweza kuwa dayoksidi ya klorini, kemikali ya kupaushia nguo na karatasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2010, ikarudia 2019: husababisha kutapika, kuharisha vikali na kushuka kwa shinikizo la damu hadi hatari ya kufa. Mwaka 2023 baba mmoja na wanawe watatu walifungwa huko Florida kwa kuiuza kama tiba ya kila kitu, usonji ukiwemo. Huku kwetu haiko mbali: mwaka 2019 iliripotiwa kugawiwa maelfu ya watu nchini Uganda kupitia makanisa.

Lakini swali lako hasa ni yule mama usiyemwona mwongo. Nakubali si mwongo. Mwaka 1998 ilitangazwa Marekani kwamba watoto watatu wenye usonji walianza kuongea na kutazama watu usoni baada ya kudungwa sikretini, homoni ya utumbo iliyotolewa kwa nguruwe. Habari ikaruka kwenye televisheni na intaneti, maelfu ya wazazi wakaitafuta kwa bei yoyote. Mwaka uliofuata watafiti wakachukua watoto 60, nusu wakapewa sikretini na nusu maji ya chumvi, bila mzazi kujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na kwa kiwango kilekile. Waliopata maji ya chumvi nao wazazi wao waliona mabadiliko, na hawakuyabuni: watoto hukua, wiki nzuri hufuata wiki mbaya, na mzazi mwenye matumaini hukaa karibu zaidi na mwanawe. Kisha wazazi wakaelezwa matokeo. Asilimia 69 walisema bado wanaitaka sikretini.

Nawaelewa. Ndiyo maana sikulaumu. Ila mzazi mwenzako ni bingwa wa siku na usiku wa mtoto. Kwenye dawa anaona kama wewe unavyoona. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo zinazotibu mambo yanayofuatana nao: kifafa, usingizi uliokataa kabisa, hasira zinazomfanya mtoto ajiumize. Hizo huandikwa na daktari, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na anayeziuza hakwambii “njoo inboksi”. Na kama mwanao yuko kwenye dawa za kifafa, mtu yeyote kundini asikushauri uziache ghafla.

Na chanjo? (Wengi)

Hapana. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilihusu watoto 12. Jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, naye akafutiwa usajili wa udaktari Uingereza. Utafiti wa Denmark wa 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na haukuona uhusiano. Surua ipo, na inaua. Mpeleke mtoto.

Mimi ni baba. Niko kundini mwaka wa pili sasa, nasoma kila kitu, sijawahi kuandika hata neno. Mke wangu anadhani sijali. Kundini pia wanasema ndoa 8 kati ya 10 za wazazi kama sisi huvunjika. (Baba, Dodoma)

Hiyo 8 kati ya 10 imezunguka miaka na miaka bila mwenyewe. Watafiti wa Baltimore walipochunguza takwimu za taifa la Marekani mwaka 2010, walikuta asilimia 64 ya watoto wenye usonji wanaishi na wazazi wao wote wawili, dhidi ya 65 ya watoto wengine. Mzigo upo, akina baba wanaokimbia wapo, na kliniki kwangu benchi limejaa akina mama peke yao. Lakini kuachana si ajali iliyoandikwa.

Wewe andika. Usianze na hisia kama zinakushinda. Anza na fundi wa kufunga komeo la geti juu kabisa, au bodaboda mstaarabu anayejua kumbeba mtoto wako. Akina baba wengi huingilia mlango huo. Halafu mwonyeshe mkeo simu, aone ulichosoma.

Niliweka video ya mwanangu akilipuka dukani ili niombe ushauri. Kesho yake nikaikuta TikTok. (Mama, Zanzibar)

Pole sana. Waombe walioiweka waifute, na uripoti kwa mtandao wenyewe. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya wanayo ya 2019, na taarifa za afya za mtoto zimo. Ila sheria huja nyuma ya kidole kilichokwisha kubonyeza. Kwa ushauri, maandishi yanatosha na hunisaidia zaidi kuliko video: nini kilitangulia, kulikuwa na kelele gani, alikuwa amekula lini, ilichukua muda gani kutulia. Video mpe mtaalamu mmoja, ana kwa ana.

Picha inayostahili kusambazwa haraka ni ya mtoto aliyepotea. Utafiti wa Marekani wa 2012 ulikuta karibu nusu ya watoto wenye usonji wamewahi kujaribu kutoroka baada ya kutimiza miaka minne, na hatari kubwa kwao ni maji. Kwa hiyo wa kwanza kukimbia akimbilie kisimani, mtoni, baharini, kwenye karo la choo lisilofunikwa, sokoni baadaye. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo zake. Mpeleke leo kwa mjumbe na kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda wamjue sura, wajue kwamba hatajibu akiitwa. Akipatikana, rudi kundini uombe picha ifutwe.

Kijana mwenye usonji, mtu mzima, ameomba kuingia kundi letu. Wengine wanaona aibu kuzungumza mbele yake. (Admini, Nairobi)

Aibu hiyo inawaambia kitu kuhusu mnachozungumza. Mwaka 1993, Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaambia wazazi mkutanoni Toronto kwamba watoto wao hawajafa, wasiwalilie kana kwamba kuna mtoto mwingine aliyepotea. Baadhi walikasirika. Mkaribisheni. Ninyi mnakisia kwa nini mtoto anaziba masikio. Yeye atawaambia inavyouma. Mkihitaji pa kulia peke yenu, fungueni kundi la pili.

Wangu ana miaka miwili, hasemi, akiitwa hageuki. Kundini wanasema watoto wa kiume huchelewa, nisubiri. (Mama, Moshi)

Usisubiri. Wiki hii mpeleke akapimwe masikio kwanza, maana asiyesikia naye hageuki. Masikio yakiwa salama, omba rufaa ya daktari wa watoto. Kwa hapo ulipo, hospitali ya KCMC ni karibu. Mwambie kama ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, kama aliwahi kuwa na maneno yakapotea. Wakati unangoja miadi, kaa sakafuni mbele ya uso wake, cheza anachokicheza yeye, taja kwa neno moja kile anachokitazama. Na usiogope kumpa picha ya kikombe ili aombe maji: hutamchelewesha kusema.