Tuzijue mashine za kompyuta kabla ya kuzipokea

Karakana za ufundi zikiahidiwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, swali letu la kwanza liwe: ni ya aina gani?

Katika mashine ya kukereza, chuma huzunguka na kisu hukisogelea. Hapo hupatikana shafti na bushi. Katika mashine ya kuchonga, kisu ndicho kinachozunguka. Ndiyo aina iliyoonyeshwa MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma maagizo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Ruta hufanya kazi kama hiyo kwenye mbao. Plazima hukata bamba la chuma, lakini mbao haiwezi, kwa kuwa umeme hupita ndani ya kile kinachokatwa.

Kwa maoni yetu tuanze na ruta au plazima: wanaohitaji milango na mageti ni majirani zetu.

Mashine kubwa kuukuu nyingi hudai umeme wa fezi tatu. Tena, mipangilio yake mara nyingi hutunzwa kwa betri ndogo. Betri ikiisha mashine ikiwa bado melini, mipangilio yote hufutika, nasi tunapokea pambo zito. Kwa hiyo mfadhili aombwe nakala ya mipangilio hiyo, na betri mpya, kabla mashine haijapakiwa.