Mali Iliyo Baharini ni ya Nani? Somo Katika Mikataba ya Biashara ya Ng'ambo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Biashara baina ya watu wa nchi mbalimbali si jambo geni katika Uislamu. Mtume Muhammad (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alisafiri mpaka Sham na mali ya Bibi Khadija, akaiuza kwa uaminifu na akamrejeshea mwenyewe hesabu yake. Na watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani maisha yao yamefungamana na bahari: kaskazi ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikiyarudisha makwao.

Lakini biashara ya ng'ambo ina tofauti na biashara ya dukani. Dukani muuzaji hutoa kwa mkono huu na hupokea kwa mkono huu. Ng'ambo, baina ya mkono wa muuzaji na mkono wa mnunuzi imo bahari, na baharini mali huharibika, huchelewa, na huzama. Basi suala lililo kubwa kuliko suala la bei ni hili: mali ikipotea njiani, imepotea juu ya nani? Wengi huuliza suala hili baada ya merikebu kwisha kuzama, na ilikuwa wajibu kuliuliza kabla ya kutia sahihi.

ASILI YA JAMBO KATIKA SHARIA

Dhamana, maana yake katika mlango huu, ni kubeba khasara ya kitu kikiharibika. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kuwa kitu kilichouzwa, maadamu mnunuzi hajakabidhiwa, kimo katika dhamana ya muuzaji. Ikiwa ni kitu mahsusi kilichoonyeshwa, kikaangamia kwa amri ya Mungu, mauzo huvunjika na mnunuzi hurejeshewa bei yake. Na ikiwa ni kitu cha kusifiwa kilicho katika dhima, muuzaji hubaki na deni lake mpaka alete kingine mfano wake.

Na iko kanuni iliyotokana na hadithi ya Mtume (s.a.w.), ya kuwa pato la kitu hufuata dhamana yake. Maana yake, yule ambaye kitu kikiangamia kimeangamia juu yake, ndiye mwenye haki ya kula faida yake. Mwenye kutaka faida pasi na kubeba khasara ametaka kisicho haki yake. Kanuni hii ndiyo mzizi wa somo hili, na yote yafuatayo ni matawi yake.

Kisha wanazuoni wakafungua mlango wa salam, nao ni kununua kwa sifa kitu kitakacholetwa baadaye. Wakashurutisha bei yote itolewe pale pale penye mapatano, kabla ya watu wawili kuachana. Na kitu kijulikane jinsi yake, sifa yake na kipimo chake. Na ikiwa ni kwa muda, muda wenyewe ujulikane. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladi), ameeleza katika Minhaj kuwa ikiwa mahali pa mapatano hapafai kwa kukabidhiana, au kukichukua kitu kuna gharama, ni sharti kutaja mahali kitakapokabidhiwa. Na atazame msomaji: neno hili limeandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, kabla ya kuwako merikebu za moshi, wala benki, wala simu. Waliona kuwa mahali pasipotajwa pana ugomvi uliojificha.

MKATABA WA NCHI NA NCHI

Wala hili si la watu wawili peke yao. Dola nazo hufanya mikataba ya biashara, na neno lililoandikwa huwa hoja, na neno lililoachwa huwa khasara ya aliyeliacha.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Marekani kwa mkono wa mjumbe wao Edmund Roberts. Katika masharti yake, merikebu za Kimarekani zilipewa ruhusa ya kuingia bandari zote za Sultani na kuuza na kununua, na ushuru wao usizidi asilimia 5 ya bidhaa zilizoshushwa. Bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja zisiuzwe ila kwa serikali. Na merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika pwani ya Sultani, watu wake watunzwe kwa gharama ya Sultani, na mali iliyookolewa ihifadhiwe irejeshewe wenyewe. Hapa dola mbili zimeandika hukumu ya mali iliyo baharini kabla ya merikebu yo yote kuvunjika.

Na Sayyid Said naye alipata lake. Merikebu zake zikienda Marekani zisitozwe zaidi ya zile za taifa linalopendelewa kuliko yote. Mwaka 1840 merikebu yake Al-Sultana ilifika New York, na Ahmad bin Naaman akiwa msimamizi wa safari, imechukua karafuu, pembe, tende, kahawa na ngozi.

Lakini mkataba ule wa 1833 ulifungua bandari zote, wala haukuitoa Mrima. Na Mrima ndiko zilikoshuka pembe za ndovu na sandarusi kutoka bara, nazo ni mali zilizotafutwa na wageni kuliko zote. Ulipofanywa mkataba na Uingereza mwaka 1839, kwa mkono wa Robert Cogan, likatiwa sharti wazi: biashara ya pembe na sandarusi katika pwani ya Mrima, tangu upande wa Tanga mpaka Kilwa, isiingiliwe na wafanyabiashara wa Kiingereza. Mikataba ni miwili, mwenye nchi ni mmoja, na baina yake ni miaka 6 tu. Katika wa kwanza jambo halikutajwa, katika wa pili limetajwa. Mwenye akili hujua kuwa dola haziongezi sharti katika karatasi ila kwa kuwa zimeona haja yake.

KITU KIKIKOSEKANA

Katika bidhaa zilizoletwa na Wamarekani, iliyoenea kuliko zote ni nguo ya pamba iliyoitwa merikani, na jina hilo limebaki katika lugha hata leo. Ilishika masoko ya pwani na bara, hata ikawa kama sarafu ya kununulia vyakula njiani. Vilipotokea vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, tangu 1861 mpaka 1865, pamba ikaadimika, na nguo ile ikapungua sana katika pwani hii. Nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake.

Basi mtu aliyekwisha toa mali yake mapema kwa nguo ya sifa maalumu, muda ukafika na nguo haipatikani, hukumu yake ni ipi? Wanazuoni wa Shafii wamejibu: kauli iliyo dhahiri ni kuwa mnunuzi ana khiari; akitaka atavunja na kurejeshewa rasilmali yake, na akitaka atasubiri mpaka kitu kipatikane. Hawezi kulazimishwa kupokea kitu cha jinsi nyingine. Lakini haki hii huweza kuthibitika tu ikiwa jinsi na sifa ziliandikwa sawasawa. Aliyeandika "nguo" tu, atadai nini?

MKATABA WA KAMPUNI NA MFANYABIASHARA

Na tuwekwe mfano kama ilivyo ada ya vitabu vya fikihi. Zaidi wa Mombasa amenunua kwa kampuni ya Karachi magunia 500 ya mchele. Katika karatasi ya mauzo zimeandikwa herufi tatu, CIF, na maana yake ni kuwa katika bei imo gharama ya mali, na bima, na nauli mpaka Mombasa. Zaidi akafurahi, akasema: "Muuzaji amelipa nauli, basi mchele ni wake mpaka unifikie." Merikebu ikaingia maji njiani, na mchele ukaoza. Zaidi akadai bei yake, na kampuni ikakataa.

Herufi hizo zimo katika kanuni ziitwazo Incoterms, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chumba cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Paris, na zimekuwa zikitengenezwa tena mara kwa mara. Na kwa kanuni hizo, katika mauzo ya CIF, muuzaji hulipa nauli mpaka bandari ya kufikia, lakini khasara humhamia mnunuzi tangu mali ilipopakiwa chomboni katika bandari ya kutokea. Kulipa nauli ni jambo moja, na kubeba khasara ni jambo jingine. Hali kadhalika katika FOB dhamana huhama penye kupakia, ila nauli ni juu ya mnunuzi. Na katika DAP muuzaji hubaki na dhamana mpaka mali ifike mahali palipotajwa, tayari kwa kushushwa.

Je, CIF yapingana na kauli ya wanazuoni, ya kuwa khasara ya kabla ya kukabidhiwa ni ya muuzaji? Jawabu ni kutazama nani amepokea. Mnunuzi akiridhia kuwa wenye merikebu wapokee mali kwa niaba yake, hao ni mawakili wake, na kupokea kwa wakili ni kupokea kwa aliyemweka. Basi Zaidi, ikiwa alijua na akaridhia, amekabidhiwa mchele wake Karachi, na umeoza juu yake. Dai lake ni kwa wenye chombo kama wamefanya uzembe. Khasara yake kubwa ni kuwa alitia sahihi herufi asizozijua maana yake.

Wala asitumaini kuwa benki itamwokoa. Benki iliyotoa dhamana ya kulipa hutazama hati: hati ya kupakia, hesabu ya mauzo, na nyinginezo. Zikiwa sawa na zilivyoandikwa, hulipa, hata kama mchele ndani ya magunia ni mbovu. Benki husoma karatasi, haifungui gunia.

KUUZA KILICHO BAHARINI

Jambo la mwisho, na wengi hulichukulia jepesi. Zaidi, kabla merikebu haijafika, anamwuzia Amri mchele ule ule kwa faida. Katika madhehebu ya Shafii haijuzu kuuza kitu ulichonunua kabla hujakabidhiwa, na sababu ni ile kanuni ya kwanza: atakula faida ya kitu ambacho dhamana yake bado iko kwa mwingine.

Basi hapa mizani inadhihiri. Zaidi hawezi kusema kwa muuzaji, "mchele haujanifikia, khasara ni yako," kisha akageuka kwa Amri akasema, "mchele ni wangu, nipe faida." Ikiwa amekabidhiwa kwa mkono wa wakili wake, khasara ni yake na haki ya kuuza ni yake. Ikiwa hajakabidhiwa, khasara si yake, na kuuza pia si kwake. Hayawi mawili mazuri pamoja.

YA KUSHIKWA

Mwenye kufanya biashara na kampuni ya ng'ambo na ahakikishe kuwa mambo manne yameandikwa: kwanza, jinsi ya kitu, sifa yake na kipimo chake, pili, mahali hasa kitakapokabidhiwa, tatu, nani atakipokea, na kwa niaba ya nani, nne, tangu wapi khasara ni ya mnunuzi. Na neno asilolijua asilitilie sahihi mpaka asomewe na mwenye kujua, kwani haya si kwa mwenye kuuliza, bali haya ni kwa mwenye kudai asichokiandika.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya deni iliyo katika Sura ya Al-Baqara, ameamrisha deni la muda liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Aya hiyo ni ndefu kuliko zote katika Kurani, na kwa urefu wake imeshughulika na kalamu, mashahidi na hesabu za watu. Basi asidhani mtu kuwa kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Waaminifu wawili hufa, na warithi wao hubaki na karatasi.

Wallahu aalam.