Kuitunza na Kuitia Nguvu Starlet Ukiwa Nyumbani

Chama chetu kilituomba tuandike juu ya jambo tunalolifahamu kwa mikono, wala si kwa kukariri. Wengine wameandika juu ya nyuki, wengine juu ya kusuka vyondo. Mimi nimechagua gari.

Ukisimama stendi ya Kitui au ya Wote utaona Probox nyingi mno. Lakini ukiona kijigari kifupi, nyuma kimekatika kana kwamba kiwanda kiliishiwa na bati, na mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake, yaelekea hiyo ni Starlet. Toyota walianza kuiunda mwaka wa 1973 wakaacha 1999, Vitz ikachukua mahali pake. Zile tunazoziona sana huku ni EP82, iliyoanza mwishoni mwa 1989, na EP91 ya 1996. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, hakuna Starlet nyingine itakayoshuka melini Mombasa. Zilizopo ndizo hizo, na hata ile changa kabisa imeshapita miaka ishirini na mitano. Basi anayeiharibu hana pa kupata nyingine isipokuwa kwa mwenzake.

Vijana wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu ya ndugu yake aitwaye GT Turbo, ambaye alitoka kiwandani na nguvu za farasi 135 kutoka kwa injini ya sentimita za ujazo 1,331 tu. Ndiposa kila mwenye Starlet ya kawaida huota kuigeuza iwe ile.

Mjomba wangu wa Wote anayo moja, ya injini ya kawaida iitwayo 4E-FE. Msimu wa maembe uliopita aliuza vizuri, akabaki na pesa za kuifanyia gari jambo moja kubwa. Yeye alitaka tabo na sairensa ya kunguruma. Mama yangu, ambaye ni dadake, alitaka breki, kwa maana hiyo gari ndiyo inayompeleka nyanya kliniki. Mimi na binamu yangu tukaambiwa tuifanyie sevisi kwanza, halafu tuseme ina upungufu gani. Haya nitakayoeleza ndiyo tuliyoyafanya na tuliyoyasoma.

Tuanze na hewa, kwani injini ni pafu. Katika fizikia ya kidato cha tatu tunafundishwa kwamba shinikizo la gesi likipungua, gesi iliyomo katika chombo kile kile huwa haba. Mombasa, kando ya bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 101 hivi. Kitui mjini tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na shinikizo limepungua kwa kama sehemu moja ya kumi. Maana yake ni kwamba kila pistoni ikivuta pumzi hupata hewa pungufu, na petroli inayoweza kuungua nayo hupungua. Starlet ile ile ikitoka Mombasa kuja Kitui hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake bila fundi yeyote kuigusa! Tabo ni pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi, kazi yake kuisukumia injini hewa zaidi. Kwa hivyo si uchawi.

Sasa, ikiwa hewa tayari ni haba, ya nini kuiziba tena kwa vumbi? Kichujio cha hewa, ile ea-filta, ndicho kitu cha kwanza kutazama. Barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imewekwa lami, lakini ukiiacha tu kidogo kuelekea kijijini, mwezi wa Agosti au Septemba, vumbi ni kama unga. Fungua vile vibanio vya boksi la filta kwa mkono, itoe, uiinue mbele ya jua. Usipoona mwanga ukipenya kwenye mikunjo, nunua nyingine. Ikiwa ni vumbi kidogo, igonge polepole chini, kisha puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje. Usiioshe kwa maji na Omo, kwani ni ya karatasi. Filta mpya kwenye gari iliyozibwa ni nguvu unayoirudisha kwa pesa kidogo sana.

Wapo wanaoiondoa filta kabisa, ati gari inavuta vizuri na inalia kama ya rali. Hapa nitasema wazi: huo ni ujinga. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Huingia ukakwaruza kuta, pistoni zikaanza kupitisha oili, na moshi wa buluu ukafuata. Kwenye gari yenye tabo, mchanga hula mapanga yanayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Na hao wa rali wenyewe hawafanyi hivyo. Mwaka wa 2022 na 2023 Toyota zilitwaa nafasi nne za kwanza katika Safari Rally kule Naivasha. Gari lao, GR Yaris, ni la ukoo huu huu, kwa kuwa Yaris ndilo jina ambalo Vitz ilipewa Ulaya. Magari ya Safari hufungiwa bomba la kuvutia hewa juu ili yasimeze maji na vumbi. Mabingwa wa dunia wanaogopa vumbi la Kenya, sembuse wewe?

Oili sitaikawiza. Kila kilomita 5,000, pamoja na filta yake. Ipashe injini moto dakika chache, uizime, uinue gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya mawe yaliyopangwa. Jiwe hupasuka bila kubisha hodi. Mwaga oili kwenye karai, paka oili mpya kwenye ule mpira wa filta, uikaze kwa mkono tu. Tia oili, lita tatu hivi, huku ukipima kwa kile kijiti, isipite alama ya juu.

Karai hilo sasa. Watu wengi humwaga oili chafu korongoni. Sisi huku tunachimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka, na maji ya kunywa hutoka humo humo. Oili ukiimwaga leo, mvua ya Novemba itaishusha hadi kwenye kisima cha jirani. Mjomba huitia kwenye jerikeni na kupaka vikingi vya ua kwa ajili ya mchwa, mbali na mto. Wengine huipeleka petroli stesheni wanaokusanya.

Plagi ni nne, na ni kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Zitoe injini ikiwa baridi, kwa maana kichwa cha silinda ni cha aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi. Toa waya mmoja, plagi moja, uirudishe kabla ya kugusa ya pili, kwani mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 na ukichanganya waya gari litatetemeka kama mwenye malaria. Rangi ya kahawia nyepesi ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Rudi kwenye filta. Majimaji meusi ni oili inayopenya. Nyeupe kama chaki ni joto kupita kiasi. Ya mjomba tatu zilikuwa kahawia na moja ilikuwa na majimaji. Hiyo moja ndiyo iliyotuambia mambo ya tabo yangoje, maana ukisukuma hewa zaidi katika injini iliyochoka unaimaliza.

Maji ya rejeta nayo yana siri yake katika Ukambani. Maji ya visima vingi huku yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani ya rejeta kama ile ya sufuria ya chai. Mishipa ikiziba, injini huchemka kwenye mlima, na gasketi ya kichwa huungua. Tia kiowevu cha rejeta kilichochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Kifuniko usikifungue injini ikiwa moto, mvuke wake huchuna ngozi.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Hiyo kazi mpeni fundi. Ikiwa mliyemnunulia gari hana kumbukumbu ya siku ulipobadilishwa, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Tufike kwenye nguvu sasa, na hapa ndipo mjomba na mama walipokuwa wakivutana. Tulimchorea mjomba hesabu. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Gari likitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, kasi imezidi mara mbili lakini nguvu ambayo breki lazima ziimeze imezidi mara nne, na umbali wa kusimama kwa breki zile zile nao ni mara nne. Tena 120 imepita ile 110 ambayo sheria imewawekea magari madogo kwenye barabara kuu. Tukazifungua breki zake. Pedi za mbele zilikuwa zimebaki kama unene wa shilingi, na brekifluidi ilikuwa nyeusi kama kahawa. Maji haya ya breki hunywa unyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili. Ukiteremka kutoka Mbooni mguu ukiwa kwenye breki badala ya gia ndogo, unyevu huo huchemka, na pedali inashuka hadi sakafuni bila kushika kitu. Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na nyanya ndiye huketi mbele?" Pesa za maembe zikaenda kwa pedi, maji ya breki, shokabzoba mbili za mbele na tairi nne.

Na gari liliongeza mbio, amini usiamini. Linashika kona bila kuelea, kwa hivyo hupunguzi mwendo sana ndipo uanze kuuvuta tena. Tairi tulizijaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Tairi laini hula petroli na nguvu. Tukatoa na mizigo iliyosahaulika nyuma: jembe, kamba, mawe mawili na jerikeni la lita 20 lililojaa maji. Kwenye gari la kilo mia nane na kitu, kilo 30 si mchezo.

Springi usikate. Fundi mmoja alimkatia jirani yetu ili gari likae chini kama la picha, na tuta la kwanza likagonga sampu ya oili. Tabo nayo, mwenye kuitaka aanze na injini nzima ya GT iliyo na afya pamoja na kompyuta yake na rejeta kubwa, asifunge tabo pekee juu ya injini ya kawaida, kwani petroli ikiwa haba mbele ya hewa nyingi, pistoni huyeyuka. Na injini ikibadilishwa ni lazima iandikishwe NTSA, la sivyo nambari ya logibuku na ya gari zitapingana siku ya kukaguliwa.

Ukimaliza na kurudisha magurudumu, kaza nati kwa msalaba, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, gari likiwa limekanyaga chini. Kipimo cha Toyota ni nyutoni-mita 103. Asiye na spana ya kupimia akaze kwa mkono mmoja wa mtu mzima bila kurukia spana. Endesha kilomita 50, simama kivulini, uzikaze tena.